Msalaba Uliochorwa kwa Dhihaka

Mwaka 1857, wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifukua magofu ya kilima cha Palatino, mjini Roma, walikuta mchoro uliokwaruzwa ukutani. Mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na chini yake kijana amemwinulia mkono. Pembeni, kwa Kigiriki cha herufi za ovyo, pameandikwa: Alexamenos anamwabudu mungu wake.

Watafiti wengi huukadiria kuwa wa mwaka 200 hivi. Ni miongoni mwa picha kongwe zaidi zinazojulikana za Yesu msalabani, nao haukuchorwa na Mkristo. Aliyeuchora alikuwa akimcheka mwenzake.

Ili kukielewa kicheko kile, weka kando kwanza msalaba wa dhahabu unaoning'inia shingoni. Kwa Warumi, msalabani ndiko walikofia watumwa na waasi, uchi, mbele ya wapita njia. Uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa mwaka 71 kabla ya Kristo, mateka wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma. Mwaka 1968, katika kaburi moja la Yerusalemu, ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu wa karne ya 1, msumari wa chuma ungali umekwama ndani. Kiswahili chetu nacho hakikuyaficha mateso hayo: msalaba na kusulubu vimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na hadi leo mtu aliyeteseka husemwa amesulubika.

Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, walichora samaki, nanga, na mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Msalaba walikuwa nao, ila mwilini. Mwanzoni mwa karne ya 3, mwandishi Mkristo Tertullian wa Carthage aliandika kwamba waumini hujitia ishara yake kwenye paji la uso wakitoka, wakiingia, wakivaa viatu, wakiketi mezani. Ukuta haukuhitajika.

Mambo yaligeuka katika karne ya 4. Mfalme Konstantino wa Roma alikomesha adhabu ya kusulubu, na mwaka 335 kanisa likazinduliwa Yerusalemu mahali panapoaminika Yesu alisulubiwa na kuzikwa. Msalaba ulipoacha kuua, ndipo ukaanza kupambwa. Afrika haikuchelewa hata kidogo: Ezana, mfalme wa Aksum, aliondoa hilali na duara, alama za dini ya awali, kwenye sarafu zake akaweka msalaba, akiwa miongoni mwa wafalme wa kwanza duniani kufanya hivyo. Hata hivyo, kumwonyesha Yesu mwenyewe akiteseka msalabani kulibaki kugumu. Kwenye mlango wa kanisa la Santa Sabina, Roma, uliochongwa yapata mwaka 430, amenyoosha mikono, lakini mti wenyewe hauonekani vizuri.

Kule Palatino, katika chumba cha jirani, yalipatikana baadaye maandishi mengine, ya mkono tofauti na kwa Kilatini. Ni maneno mawili tu: Alexamenos mwaminifu.