Uchovu wa maradhi sugu ya matumbo: tiba ya mazungumzo kwa simu yasaidia vipi?

Mtu mwenye maradhi sugu ya matumbo aweza kuonekana mzima kabisa. Kuhara kumekoma, damu haionekani tena chooni, dawa anameza. Lakini kila asubuhi huamka mwili mzito kama aliyepakua magunia bandarini usiku kucha, na nyumbani anaitwa mvivu. Uchovu huu ni sehemu ya maradhi, na huwapata karibu nusu ya wagonjwa hata pale tumbo linapokuwa limetulia.

Maradhi yanayozungumzwa hapa ni mawili: Crohn, yaliyoelezwa na Burrill Crohn na wenzake mjini New York mwaka 1932, na yale ya vidonda vya utumbo mpana. Yote mawili hutokana na kinga ya mwili kuwaka isivyo kawaida ndani ya utumbo. Dalili zake hufanana na amiba, na Crohn hufanana pia na TB ya utumbo, kwa hivyo mtu aweza kutibiwa mara kadhaa kwa kitu asichokuwa nacho. Hakikisho hutoka kwenye kipimo cha kamera na kipande cha nyama ya utumbo kinachochunguzwa maabara.

Kabla ya kufikiria programu yoyote ya simu, pimwa damu. Upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini B12, au uvimbe ambao bado unaendelea kimyakimya, vyote huchosha, na vina dawa. Mazungumzo hayaongezi damu. Prednisoloni nayo huweza kumnyima mtu usingizi. Mwulize daktari, ila usiikatize ghafla kwa uamuzi wako.

Uchovu ukibaki baada ya hayo, ndipo tiba ya mazungumzo inapoingia. Inayotumika zaidi ilianzishwa na daktari Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, nayo huangalia jinsi mawazo, hisia na matendo yanavyovutana. Mfano mzuri ni wa siku njema. Mgonjwa akijihisi afadhali hufua nguo zote, hupika, jioni akaenda harusini, kisha hulala siku mbili hajiwezi. Akiamka, hujiambia hana faida tena, huacha kutembea, misuli hulegea, na uchovu huzidi. Tiba humfundisha kugawa kazi: nusu leo, nusu kesho, na kupumzika kabla hajaishiwa. Humfundisha pia saa moja ya kulala na kuamka, na kuongeza mwendo kidogo kidogo.

Kwenye simu, somo huja kwa vipande vifupi, pamoja na daftari la kuandika usingizi, kazi na kiwango cha uchovu. Uingereza, watafiti wa King's College London na wenzao wametengeneza mpango wa mtandaoni wa namna hii kwa uchovu, maumivu na choo cha haraka, mgonjwa akifuatiliwa na mhudumu. Kwa maoni yangu huyo mhudumu ndiye kiungo muhimu. Programu isiyo na mtu nyuma yake hufunguliwa wiki mbili, ikasahaulika.

Tusitie chumvi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020 ulisema ushahidi wa tiba za uchovu huu bado si wa uhakika. Basi ichukuliwe kama nyongeza, dawa za utumbo ziendelee.

Kwetu yapo mengine. Programu nyingi ni za Kiingereza na zinakula bando. Taarifa za afya ni nyeti chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data, kwa hivyo soma kwanza inakopeleka maelezo yako. Anayewaza kujidhuru asingoje somo la wiki ijayo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, maana kufunga hubadili saa za dawa, maji na usingizi kwa pamoja.

Ukiamua kujaribu, keti na mmoja wa nyumbani msome somo la kwanza pamoja, hasa yule anayekuita mvivu.