Kutoka Majestic hadi Sebuleni: Filamu za Zamani katika Kanda za Video za Unguja

Historia ya sinema katika kisiwa cha Unguja imezoea kusimuliwa kwa kufuata majumba yake, kwa kuwa majumba hujengwa, huungua na hubadilishwa matumizi mbele ya macho ya watu, ilhali filamu hupita usiku mmoja na kusafirishwa kwenda bandari nyingine. Msimulizi anayeishia kwenye majumba hulazimika kuifunga hadithi pale milango ilipofungwa. Miaka hiyohiyo ya kufungwa, hata hivyo, filamu za zamani zilikuwa zimekwisha kuhamia ndani ya nyumba za watu, ambako zilitazamwa upya na vijana ambao hawakuwahi kukata tiketi ya jumba la sinema la Majestic, na sehemu hii ya historia inastahili kuandikwa kwa uzito uleule.

Mwanzo wa sinema Unguja ni katika zama za sinema bubu, yaani filamu ambazo hazikuwa na sauti iliyorekodiwa, ambamo maneno ya wahusika yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha na picha, na kwa filamu za India mara nyingi yaliandikwa kwa lugha zaidi ya moja. Mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha picha hizo mjini Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 jumba la Royal lilifunguliwa Vuga, likiwa limesanifiwa na John Sinclair, afisa Mwingereza ambaye mkono wake unaonekana katika majengo kadhaa ya serikali mjini humo. Sauti ilikuja baadaye: huko Marekani filamu ya The Jazz Singer ilitoka mwaka 1927, na India ikatoa Alam Ara, filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, mwezi Machi 1931.

Mikanda ya wakati huo ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kemikali inayoshika moto upesi na kuoza yenyewe inapokaa mahali penye joto, na wenye biashara waliihesabu kuwa bidhaa ya kutumika hadi iishe. Hasara iliyotokea ni kubwa mno. Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba kati ya filamu ndefu 10,919 zilizotengenezwa nchini humo katika zama za sinema bubu, zilizobaki katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Filamu bubu nyingi za India nazo zimepotea, na hata Alam Ara haina nakala yoyote inayojulikana kuwepo. Maana yake ni kwamba watu waliokaa katika viti vya Royal katika miaka ya 1920 walitazama mambo ambayo leo hakuna mtaalamu wa Mumbai wala wa London awezaye kuyatazama.

Royal yenyewe iliungua, na mwaka 1955 mahali pake pakafunguliwa jumba jipya la Majestic, lililosanifiwa na Dayalji Pitamber Sachania, ambalo pamoja na Empire na Sultana likawa kitovu cha starehe za jioni kwa watu wa Mji Mkongwe na wa mitaa ya Ng'ambo. Filamu za Misri ziliwaletea waimbaji wa taarabu sura za wanamuziki waliowajua kwa santuri, na filamu za India zikawapa tuni ambazo nyingi zilitiliwa maneno ya Kiswahili. Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyowawezesha waliofuata desturi ya kukaa ndani kwenda sinema bila lawama. Filamu ya Awara ya mwaka 1951 inahitaji kutajwa kwa namna yake, kwa sababu Raj Kapoor, aliyeiongoza na kuicheza, aliliunda umbo la mzururaji wake kwa kumtazama yule mzururaji wa Charlie Chaplin aliyeonekana kwanza mwaka 1914. Filamu za India hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili, hivyo wengi waliokuwa hawajui Kihindi walizifuata kwa nyuso, mikono, machozi na nyimbo, na jirani aliyeelewa akawanong'oneza wenzake. Kwa hiyo ustadi wa kutazama uliolelewa na sinema bubu uliendelea kutumika Unguja muda mrefu baada ya sauti kuingia.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba yaliingia mikononi mwa serikali, na kadiri miaka ilivyopita mitambo ilichakaa na fedha za kigeni za kuleta filamu zikawa adimu. Wakati huohuo Zanzibar ilikuwa na jambo ambalo Tanzania Bara haikuwa nalo: televisheni ya rangi iliyoanza mwaka 1973, miaka 21 kabla ya Bara kuanza matangazo yake mwaka 1994. Nyumba zenye seti za televisheni zilikuwepo tayari mfumo wa kanda za video wa VHS, uliobuniwa Japani na kuanza kuuzwa mwaka 1976, ulipoenea duniani. Deki na kanda zilifika kwa mikono ya jamaa waliokuwa wakiishi Uarabuni, hasa Oman na Dubai, na kanda moja ilitosha kuzaa nyingine nyingi kwa kuunganisha deki mbili kwa waya.

Namna hiyo ya kunakili ilikuwa na gharama zake. Kila nakala iliyotolewa kwenye nakala ilipoteza ukali wa picha, rangi nyekundu ikamwagika nje ya mipaka ya nguo, na sauti ikaingiwa na mvumo. Kanda ya kawaida ilichukua saa 3, ilhali filamu kama Sholay ya mwaka 1975 inazidi muda huo, kwa hiyo ama ilikatwa, ama iligawanywa katika kanda mbili, ama ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole uliozidi kuififisha. Pamoja na kasoro hizo, video ilimpa mtazamaji uwezo ambao jumba halikumpa, yaani kurudisha nyuma wimbo mmoja mara tano, kusimamisha picha juu ya uso wa mwigizaji Nargis, na kumwonyesha mjukuu mahali hasa ambapo ukumbi mzima wa zamani ulilia. Wanawake, ambao zamani walisubiri siku yao maalumu, sasa waliamua wenyewe watazame nini na saa ngapi.

Si kila kilichogunduliwa upya kwa njia hii kilikuwa starehe. Filamu ya Kiitaliano ya Africa Addio, iliyotolewa mwaka 1966 na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ina sehemu fupi iliyopigwa kutoka angani juu ya Unguja mwezi Januari 1964, ikionyesha watu waliokusanywa, maiti na makaburi. Ni filamu iliyotungwa kwa dharau kubwa dhidi ya Waafrika, na ililaumiwa kwa haki tangu ilipotoka. Hata hivyo nakala zake za video, kisha za DVD na za simu, zilipita mkono kwa mkono visiwani, wengine wakizishika kama ushahidi na wengine wakizikataa kwa kusema kwamba ni igizo. Picha hizo zinahitaji kuchunguzwa kwa utulivu, na si halali kuzifanya silaha wala kujifanya kwamba hazipo, kwa sababu picha zinazokwenda za siku zile ni chache mno.

Leo hazina hii ya majumbani iko hatarini kwa sababu za kimaumbile. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye kanda, na ukitazama kupitia kidirisha cha kanda iliyokaa kabatini miaka mingi utaona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe. Ikitiwa kwenye deki ikiwa katika hali hiyo, huchafua vichwa vya kusomea, ambavyo hulazimika kusafishwa kwa spiriti, na utepe wenyewe huweza kukatika. Deki zenyewe hazitengenezwi tena, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar limeonyesha filamu katika Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, na juhudi za kuifufua Majestic zinastahili kuungwa mkono kwa dhati, lakini jengo haliwezi kurudisha kilichofutika kwenye utepe.

Katika kuchagua cha kuokoa kwanza, busara si kuanza na filamu kama Awara au Mother India, ambazo zina nakala bora kwingineko. Cha kutafutwa ni kile kilichorekodiwa hapahapa: vipindi vya taarabu na michezo ya kuigiza vilivyonaswa kutoka Televisheni Zanzibar, arusi zilizopigwa na kutiwa nyimbo za filamu za Kihindi, na vipande vilivyobaki mwishoni mwa kanda baada ya filamu kwisha, ambavyo mara nyingi mwenye kanda mwenyewe hajavitazama tena tangu siku aliyovirekodi.