Plastiki Chakavu: Ilikotoka Kazi Inayolipa Hisa Zetu

Katika kijitabu hiki umeshasoma habari za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii. Kamati ya maandalizi iliona si haki tutimize miaka kumi bila kueleza kazi ambayo wengi wetu tunarejeshea mikopo hiyo, yaani kununua, kuchambua na kuuza plastiki chakavu. Mtaani wanatuita waokota makopo. Jina lenyewe hatulikatai, ila halisemi kazi yote. Kopo la barabarani na bonge lililotoka mdomoni mwa mashine ya kiwanda ni vitu viwili, na kila kimoja kina historia yake.

Tuanze mbali kidogo. Plastiki si kitu cha enzi za mababu. Mwaka 1862 Mwingereza Alexander Parkes alionyesha London kitu kipya alichokitengeneza kutokana na nyuzi za mimea, na mwaka 1872 Mmarekani John Wesley Hyatt na ndugu yake wakapata hataza ya mashine ya kusukumia plastiki ya moto ndani ya kalibu. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, akapata plastiki ngumu iliyoitwa Bakelite. Wazee wanaikumbuka kwenye redio za zamani, swichi za umeme na mikono ya sufuria. Ilikuwa nzuri, haishiki moto upesi, lakini ikishavunjika ndiyo basi.

Hapo ndipo penye somo la kwanza tunalompa kila mwanachama mpya. Plastiki zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni kama yai: ukishalichemsha likaganda, hata ulichemshe kutwa halirudi kuwa maji. Bakelite ni ya ukoo huo. Ukoo wa pili ni kama samli: ikipata moto inayeyuka, ikipoa inaganda, ukiipasha tena inayeyuka tena. Kazi yetu yote imesimama juu ya samli. Asiyejua tofauti hiyo atabeba gunia zima la mikono ya sufuria mpaka kwa mnunuzi na kurudi nalo.

Samli tunayoishi nayo zaidi ni polithini, na ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakibana gesi kwa nguvu kubwa sana, wakitafuta jambo jingine kabisa. Walipofungua chombo wakakuta kitu cheupe kama nta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitumika kufunikia nyaya za rada. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler akapata njia ya kutengeneza polithini iliyo ngumu zaidi bila ule mbano mkubwa, hiyo ndiyo ya madumu yetu. Mwaka uliofuata Mtaliano Giulio Natta akatengeneza polipropilini, inayofumiwa salfeti za mchele na kutengenezewa vifuniko vya chupa na viti vya sherehe. Mwaka 1963 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja.

Sasa tuingie kiwandani. Mashine ya kutengeneza ndoo au beseni hulishwa chembe ndogo kama mchele. Ndani kuna parafujo kubwa inayozunguka, inayeyusha zile chembe na kuzisukuma ndani ya kalibu. Parafujo hiyo aliileta James Watson Hendry huko Marekani mwaka 1946. Kalibu ikifunguka, bidhaa hutoka na mkia mahali plastiki ilipoingilia, na mkia hukatwa. Dumu nalo, kwa kuwa hupulizwa kama puto, hutoka na masikio ya ziada juu na chini. Halafu kuna yale mabonge: asubuhi mashine inapowashwa, au rangi inapobadilishwa kutoka bluu kwenda nyekundu, plastiki ya kwanza hutolewa nje ikaanguka chini kama kinyesi cha tembo, tusameheane kwa mfano huo.

Mikia na masikio kiwanda husaga chenyewe na kuvichanganya na chembe mpya. Hakuna mwenye kiwanda aliyengoja semina ya mazingira ndipo afanye hivyo. Ni hesabu tu, kwani ile ni mali aliyokwisha inunua. Lakini mabonge ni makubwa, meno ya mashine ndogo ya kusagia hayayawezi, yataka kukatwa kwa msumeno kwanza. Ndoo zilizotoka na kasoro nazo hurundikana uani. Mlango wetu ulikuwa hapo. Wanachama wa kwanza walioingia kazi hii waliingia kwa mabonge, si kwa makopo ya barabarani, na ndiyo sababu walidumu. Taka ya kiwandani ni safi, haina mchanga wala mafuta, ni ya aina moja, na anayekuuzia anaijua ni nini. Ya barabarani unaioshea maji ya kununua.

Kwa nini kiwanda kisitumie iliyosagwa tupu? Kwa sababu kila ikipashwa moto, zile nyuzi zake ndogo tusizoziona kwa macho hukatika na kuwa fupi, bidhaa ikawa rahisi kuvunjika. Kwa hiyo huchanganywa na mpya. Rangi nazo zikichanganyika hutoka kitu chenye kijivu kibaya, kwa hiyo huongezwa weusi wa masizi. Ndiyo maana mabeseni ya bei nafuu na mabomba mengi ni meusi.

Hapa kwetu Tanzania thamani ya vitu hivi iliumwa na shida kabla ya kuumwa na elimu. Bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, ikapanda tena mwaka 1979, wakati nchi imetoka kwenye vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa adimu, na chembe za plastiki hutoka nje. Viwanda vikafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua ndoo iliyopasuka ilivyozibwa kwa kisu cha moto ikarudi kisimani. Baada ya uagizaji kulegezwa mwaka 1984, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bidhaa zikarudi madukani, na takataka zikaja pamoja nazo.

Jiji la Dar es Salaam likawa halina pa kuzitupa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mwaka 1994 jiji likaanza kukabidhi uzoaji wa taka kwa kampuni binafsi, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 vikundi vya wakazi, vikiwemo vya akina mama, vikapewa maeneo yao, Shirika la Kazi la Kimataifa likisaidia. Sisi tulizikuta njia hizo zimeshafyekwa na wenzetu. Wengi wao hawakuandikwa popote.

Turudi kwenye uchambuzi, maana pesa iko hapo. Zile namba ndani ya pembetatu ya mishale zilianza Marekani mwaka 1988. Moja ni chupa za maji, mbili ni polithini ngumu, tatu ni PVC, nne polithini laini, tano polipropilini, sita polistirini, na saba ni mchanganyiko wa zilizobaki. Lakini bonge la kiwandani halina namba! Basi tunakata kipande, tunakitia kwenye ndoo ya maji. Polithini na polipropilini huelea. Chupa za maji na PVC huzama. Ukikipinda na kukikwaruza kwa kucha unazidi kujua, na mama aliyezoea hukitupa kipande sakafuni akasikiliza mlio.

Ya kuogopwa ni namba tatu. Chupa za maji huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi, na PVC haifiki huko, huungua na kutoa hewa yenye tindikali inayokula mashine na kukausha koo la binadamu. Vipande vichache vya bomba vikiingia kwenye gunia la chupa, gunia lote linarudishwa. Kwa ajili hiyo kikundi kilikataza kupima plastiki kwa kuichoma, ingawa wako wachambuzi hodari wanaojua kwa harufu. Kifua hakinunuliwi kwa hisa.

Bei yetu haipangwi Dar es Salaam. Tarehe 1 Januari 2018 China, iliyokuwa ikipokea plastiki chakavu za dunia, ilifunga mlango kwa aina nyingi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya Rambo ikapigwa marufuku Tanzania. Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Jambo jema kwa mitaro, ila waliokuwa wakinunua mabaki ya viwanda vya mifuko walipoteza chanzo chao kwa siku moja. Kisha ukaja mwaka 2020. Corona iliposimamisha safari za dunia, bei ya mafuta ilianguka vibaya mwezi Aprili, chembe mpya zikawa rahisi, na iliyosagwa ikakosa mwenyewe. Mnunuzi mmoja aliacha kupokea simu zetu kabisa. Magunia yalilala uani, marejesho yakakwama, na katika kikao kimoja kulikuwa na sauti za kutaka kikundi kivunjwe kila mtu achukue chake. Wanachama wauza samaki na mboga, ambao plastiki haiwahusu, ndio waliosimama na kusema marejesho yasogezwe mbele. Ikaandikwa hivyo kwenye daftari.

Hivi sasa ubishi uliopo ni mashine ya kusaga. Wanaoitaka wanasema bonge likisagwa na kuoshwa linauzwa kama malighafi, si kama uchafu, na gari moja hubeba mzigo mara kadhaa zaidi ya makopo yenye hewa ndani. Wasioitaka wanauliza visu vitanolewa na nani, umeme utalipwa na mfuko gani, na bei ikianguka tena mashine italiwa? Maswali ni halali yote mawili. Katibu ameshaleta bei kutoka kwa mafundi watatu, na kura itapigwa katika mkutano wa kwanza baada ya sherehe hizi.