Marika ya Miti: Muundo wa Msitu na Historia ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga na kata yake ya Mazwi vimekaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, leo ni nchi ya nyasi na mashamba, na misitu yake ya milimani imebaki vipandevipande. Mashuhuri kati ya vipande hivyo ni msitu wa Mbizi, ulio kaskazini-mashariki ya mji, ambao ni makazi ya mbega wekundu walio katika hatari ya kutoweka. Anayetaka kujua misitu hiyo imepitia mambo gani hana budi kusoma kumbukumbu mbili kwa pamoja: historia ya watu walioitumia, na muundo wa msitu wenyewe, yaani jinsi miti ya unene, urefu na umri mbalimbali inavyogawana nafasi.

Kumbukumbu ya kwanza inaanzia kwenye chuma. Masimulizi yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia Roy Willis yanaitaja Milansi kuwa kitovu cha utawala wa kale uliohusishwa na uhunzi, kabla ya ukoo wa Watwa kushika nchi na hatimaye kugawanyika katika falme za Nkansi na Lyangalile. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuri refu la udongo (kwa wingi malungu) lililofikia takribani mita 3, ambalo halikuvuviwa kwa mivuo bali lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu yaliyoachwa chini, huku chuma kilichopatikana kikisafishwa baadaye katika tanuri dogo. Ilungu lilihesabiwa kuwa bibi harusi, na kazi yote ilizungukwa na dawa na miiko. Utafiti wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda katika Nkansi umeonyesha kwamba malungu hayakuwa aina pekee ya tanuri huko, na kwamba ufundi huo ulibadilika kwa nyakati na mahali.

Kila ilungu lilikula mkaa, na mkaa ulitoka mitini. Hata hivyo, haifai kuwabebesha wahunzi peke yao lawama ya uwazi wote wa Ufipa, kwa kuwa moto wa nyika na kilimo navyo vina sehemu yao. Kilimo chenyewe kilikuwa na hekima yake: wakati Wabemba wa Zambia walikata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba, Wafipa walifukia nyasi katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba, zikaoza na kuwa mbolea, na kwa njia hiyo wakaweza kulima ulezi mahali pasipo na miti.

Kumbukumbu ya pili ilipata vipimo vyake mbali na Ufipa. Mwaka 1898 bwana misitu Mfaransa, François de Liocourt, alionyesha kwamba katika msitu wenye miti ya umri mchanganyiko idadi ya miti hupungua kwa utaratibu kadiri unene unavyoongezeka: michanga ni mingi, mikongwe ni michache. Unene huo hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyeshughulikia mawasiliano na si miti, alitunga kipimo cha mchanganyiko, na mwaka 1961 Robert MacArthur na John MacArthur walikitumia kupima mgawanyo wa majani kutoka chini hadi juu ya msitu, wakauhusisha na wingi wa aina za ndege.

Kipimo hicho kina nguvu na kina upofu. Miti ikigawanywa katika madaraja 4 ya unene, msitu wenye daraja moja tu hupata sifuri, na ule wenye idadi sawa katika kila daraja hupata takribani 1.39. Msitu wenye miti michanga 70 kwa kila 100, kisha 20, 7 na mikongwe 3, hupata takribani 0.86, lakini hesabu hiyo ikipinduliwa, mikongwe ikawa 70 na michanga 3, jibu ni lilelile 0.86. Wa kwanza una warithi, wa pili unazeeka bila watoto, na namba haiwezi kuwatofautisha.

Hapo ndipo historia inapohitajika. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na shina likigawanyika chini ya mita 1.3 kila tawi huhesabiwa kama shina la peke yake. Hivyo kisiki kimoja cha mchoma mkaa chaweza kuonekana katika takwimu kama kundi la miti michanga, ingawa mizizi yake ni ya zamani. Tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania, iliyotoa matokeo yake mwaka 2015 na kukadiria misitu ya nchi kuwa hekta milioni 48.1, ilitumia ploti za duara zilizopangwa moja ndani ya nyingine, ili miti midogo ihesabiwe karibu na kitovu na mikubwa hadi mita 15. Ni msingi bora, na katika Ufipa unastahili kuongezewa mambo mawili: kuandika kando ya kila kipimo kama shina limetokana na mbegu au na kisiki, na kuandika kama chini yake pana mavi ya chuma, mabaki yale mazito meusi yanayoonyesha kwamba hapo paliwahi kusimama tanuri la chuma.