Urahisi wa Kitabu Katika Nchi ya Mara

Watu wengi hudhani ya kuwa urahisi wa kitabu ni jambo la dukani tu: mtu huuliza bei, hulipa, akaenda zake. Historia ya Mara yatufunza vingine.

Mwaka 1934 kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, Julius Nyerere, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Siku zile vitabu vya Kiswahili vya kujisomea, mbali na vile vya masomo, vilikuwa haba. Shirika la East African Literature Bureau lilipoanzishwa mwaka 1948, lilishika njia mbili: kuchapisha vitabu vya bei ndogo, na kupeleka masanduku ya vitabu vya kuazima. Kitabu kimoja kikipita mikononi mwa wengi, gharama yake hugawanyika.

Njia ya tatu ilikuwa lugha yenyewe. Mara ina Wazanaki, Wakurya, Wajita, Waikizu na wengineo. Lau kila lugha ingalichapiwa vitabu vyake, nakala zingalikuwa chache na bei kubwa; maana kazi ya kupanga herufi ni ile ile, zipigwe nakala mia au elfu kumi. Kiswahili kiliwakusanya wasomaji, nao wakaishusha bei. Hivyo mradi wa kisomo wa UNESCO, ulioanza Mwanza mwaka 1968 na kuingia Mara, uliweza kutoa vitabu vya pamba, uvuvi na ufugaji. Mkulima wa Bunda na mvuvi wa Musoma walijifunza kusoma kwa habari za kazi zao wenyewe.

Hata hivyo, kitabu kisichosomwa ni ghali ijapokuwa kimetolewa bure. Katika shule moja njiani baina ya Bunda na Musoma nilionyeshwa kabati lenye kufuli, limejaa vitabu vya msaada vya lugha ya kigeni. Mwenye ufunguo aliogopa: kikipotea kimoja, ataulizwa yeye. Watoto walivitazama kupitia kioo.

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulitumia hekima nyingine: kuwanunulia wachapishaji sehemu ya nakala za Kiswahili na kuzigawa mashuleni, mchapishaji asiogope hasara.

Basi mwalimu mwenye fedha kidogo na anunue vitabu vichache ambavyo watoto wake wataelewa, avitoe kabatini, tena akubali vichakae. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa ndicho kilichonunuliwa rahisi.