Je, Mama Aliulizwa? Historia ya Uzazi Tangu Bunyoro 1879 Hadi Leo



Ndugu zetu wapenzi, anayesimama mlimani Old Kampala, penye msikiti mkuu wa taifa letu, anauona mlima jirani wa Namirembe. Huko Dokta Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, miaka saba tu baada ya Kapteni Lugard kujenga ngome yake hapa kwetu. Wengi wetu tumezaliwa katika hospitali za milima hii, na tunamshukuru Allah kwa elimu iliyookoa mama zetu. Lakini leo tunataka kuuliza swali moja ambalo historia hulisahau: je, mama mwenyewe aliulizwa?

KISA CHA BUNYORO

Tuanze kabla ya hospitali. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana kutoka Uingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro. Mama alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi, akafungwa kitandani. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akampasua, akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto na kulifunga jeraha kwa misumari saba. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, na hadi leo madaktari wanastaajabia ustadi wa mababu zetu.

Hatusemi kuwa mama yule alilazimishwa. Huenda aliridhia kwa moyo wake wote. Tunachosema ni kwamba masimulizi yanatuhesabia misumari, lakini jina la mama na kauli yake hatuvipati.

SIKU ZA WAKOLONI

Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alidai kuwa sehemu kubwa sana ya Waganda wana kaswende, na miongoni mwa sababu alizotaja ni wanawake kupewa uhuru mno! Watafiti wa baadaye wanaona kuwa wengi walikuwa na maradhi mengine, kama buba. Hata hivyo kampeni ilishika kasi, na machifu wakatumika kuwapeleka watu kukaguliwa. Kutokana na hofu hiyo hiyo, mkewe Cook, Bi Katharine, aliyekuwa muuguzi, alianzisha shule ya wakunga pale Namirembe. Wakunga wale waliokoa roho nyingi, hilo hatulikani. Lakini mwili wa mwanamke ukawa ni jambo la serikali, la chifu na la daktari. Yeye mwenyewe akawa wa mwisho kusikilizwa.

DINI INASEMAJE?

Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah, likapitisha kuwa idhini ya mgonjwa ni sharti la matibabu ikiwa ana akili timamu na amebaleghe. Walii hutoa idhini pale tu mgonjwa mwenyewe anapokosa sifa hizo. Na maisha yakiwa hatarini, matibabu hayangoji idhini. Tuzingatie: uchungu wa uzazi hauondoi akili ya mama. Mume, mama mkwe au shangazi hawawi wasemaji wake kwa sababu tu amelala kitandani.

MAHAKAMA NA WATAALAMU

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma, hapo Kenya, ilimpa haki na fidia mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013 na kupigwa na wauguzi. Kwetu Uganda, tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2011 kufuatia vifo vya wajawazito wawili, kuwa serikali ilivunja katiba kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lilielekeza kuwa mama asikatwe njia kama desturi tu, asikandamizwe tumbo ili mtoto asukumwe nje, na awe na mtu anayemtaka yeye wa kumliwaza.

Basi mama ana haki mbili: kuhudumiwa anapohitaji, na kuulizwa kabla ya kuguswa. Moja haiondoi nyingine.

NASAHA YETU

Enyi waume, kaeni na wake zenu kabla ya mwezi wa tisa. Waulizeni wanataka nani awe nao, na wanaogopa nini. Karatasi ya idhini ikiletwa, asomewe yeye kwanza, kwa lugha anayoielewa. Enyi wanafunzi mnaosomea udaktari na ukunga, semeni mnachotaka kufanya na sababu yake, kisha subirini jibu. Inachukua dakika moja, na mama ataikumbuka maisha yake yote.

Mama wa Bunyoro hatuwezi tena kumuuliza. Hawa walio majumbani mwetu tunaweza.

Allah awajaalie mama zetu wepesi na salama. Aamin.