Kosa la Kuzurura: Lilikotoka, na Pale Kinama Inapoweza Kulipinga

Sheria za uzururaji humwadhibu mtu kwa hali aliyokutwa nayo: hana kazi, hana makazi yanayojulikana, au hana maelezo ya kumridhisha askari kuhusu atokako na aendako. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Katika zoni ya Kinama, tarafa ya Ntahangwa, kaskazini mwa Bujumbura, ambako wengi huamkia vibaruani na sokoni kabla ya jua kuchomoza, maoni hayo yalistahili kusikika zaidi.

Uganda, Kenya na Tanganyika zilirithi makosa haya kwa Waingereza, kutoka Sheria ya Uzururaji ya 1824. Burundi iliyapata kwa njia ya Ubelgiji. Sheria ya Ubelgiji ya 27 Novemba 1891 ilimruhusu hakimu kumfungia kambini, kwa miaka 2 hadi 7, mtu aliyezurura kwa uvivu au ulevi. Mei 1896 Kongo ya Mfalme Léopold wa Pili ikapata amri yake, na sheria ya 21 Agosti 1925 ikaiunganisha Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, na Kongo kiutawala. Amri za Kongo zikawa zinatumika Usumbura, Bujumbura ya leo, pale gavana alipozitangaza. Kwa utawala uliohitaji vibarua wa barabara na mashamba, mtu asiye na kazi alikuwa mali.

Sheria ya 1891 ilitikiswa na wazururaji wenyewe. Kati ya 1965 na 1966 Wabelgiji watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikwenda polisi kwa miguu yao: hawakuwa na pesa wala pa kulala. Wakafungiwa miezi mingi. Walipoomba kutoka wakakataliwa, malalamiko yakafika Strasbourg. Serikali ikajitetea kwamba watu hao walijileta wenyewe. Tarehe 18 Juni 1971 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikajibu kwamba uhuru ni jambo kubwa mno, mtu haupotezi kwa sababu tu amejisalimisha, na kwamba Ubelgiji ilikosea kuwanyima mahakama ya kuchunguza kufungwa kwao. Kufungwa kwenyewe, ajabu, ilikuona halali. Ubelgiji iliifuta sheria hiyo tarehe 12 Januari 1993. Burundi, huru tangu 1962, iliendelea kuwa na makosa ya kuombaomba na kuzurura katika sheria zake za jinai.

Kwingineko mahakama zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Jacksonville iliyowakusanya wazururaji, walevi na watembezi wa usiku katika kapu moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua ni kipi hasa kilichokatazwa. Malawi ilifuata Januari 2017, katika kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza, na Uganda Desemba 2022.

Maoni ya Arusha, yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, yalisema majina kama mzururaji na mvivu yanabeba dharau ya kikoloni kwa watu waliohesabiwa kuwa hawana haki, na yakazitaka nchi zirekebishe au zifute sheria hizo. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu. Lakini kifungu cha 19 cha Katiba ya Burundi kinaufanya Mkataba wa Afrika kuwa sehemu ya Katiba yenyewe, na hapo ndipo hoja ilipo.

Mwaka 2022, serikali ilipowaondoa ombaomba na watoto wa mitaani Bujumbura, hoja hiyo haikupewa uzito. Njia ya Arusha nayo imefungwa kwa raia: Burundi iliridhia itifaki ya mahakama hiyo mwaka 2003 bila tamko la kumruhusu raia kuishtaki huko moja kwa moja. Mkazi wa Kinama anayetaka kuipinga sheria ya aina hii ana Mahakama ya Katiba ya Burundi, ambayo yeyote mwenye maslahi anaweza kuiendea.